Sura ya Saba: Ekzosi Mpya, Mlima Uleule

Malalamiko huja kwa maneno yaleyale. "Fundi, tangu nibadilishe ekzosi gari linanguruma vizuri kweli, lakini mlimani halipandi." Fundi anafungua boneti, anachomoa plagi moja, anaitazama, anaifuta, anairudisha. Anapendekeza koili mpya. Wiki ijayo anapendekeza pampu ya mafuta. Mwezi ukiisha mteja ameshalipia nusu ya injini, na gari bado linapitwa na fuso lenye mzigo.

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuishi na ugonjwa huu mwaka mzima bila kuutambua, maana barabara zake ni tambarare na foleni haimruhusu kukanyaga. Mtu wa Mutuka, kata ya mji wa Babati, hana bahati hiyo. Mji wa Babati umekaa penye makutano ya barabara kuu, na ukitaka kwenda popote unakutana na mpando. Ukitoka upande wa Arusha, kutoka Magugu kuja mjini unapanda. Ukielekea Kondoa, ukishaiacha Bonga unaanza kuutafuta mlima wa Bereku. Ukielekea Singida, baada ya Dareda kuna ukuta wa Bonde la Ufa unakusubiri. Gari linaloshinda likibeba mahindi na mbaazi kutoka mashambani litasema ukweli wake wiki ya kwanza tu baada ya kutoka kwa mchomeleaji.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Nguvu ya gari haipimwi kwa sikio. Fundi anayebadilisha kifaa kabla ya kupima shinikizo ndani ya bomba anacheza bahati nasibu kwa pesa za mteja. Vipimo vinavyohitajika ni vichache, vifaa vyake si ghali, na kimoja kati ya hivyo fundi anaweza kujitengenezea mwenyewe.

Tuichukue Toyota Probox ya petroli yenye injini ya 1NZ-FE, ileile iliyomo kwenye IST na magari mengine mengi madogo tunayoyaona barabarani. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,496, tuseme lita moja na nusu. Kila crankshafti inapozunguka mara mbili, injini inaweza kuvuta lita moja na nusu ya hewa. Ukiikanyaga mpaka mwisho ikazunguka mara 4,000 kwa dakika, inakaribia kuvuta lita 3,000 kila dakika. Hewa hiyo ikishachanganyika na petroli na kuungua, inatoka ikiwa na joto la mamia ya nyuzi. Ikifika nyuzi 700, ujazo wake umekua takriban mara tatu. Kwa hiyo bomba ambalo unene wake haufiki inchi 2 linatakiwa kupitisha karibu lita 9,000 za moshi wa moto kwa dakika pale karibu na injini.

Sasa zibia njia hiyo kidogo. Pistoni inapopanda kuusukuma moshi nje inakutana na ukinzani, na nguvu iliyokusudiwa kwenda kwenye magurudumu inaishia kwenye kazi ya kusukuma. Hasara kubwa zaidi inafuata. Moshi ambao haukupata njia unabaki ndani ya silinda, unachukua nafasi ya hewa safi, na mvuto unaofuata unaingiza hewa pungufu. Kompyuta ya gari inapima hewa iliyoingia na kutoa mafuta ya kiasi hichohicho. Ndiyo maana gari lililozibwa ekzosi mara nyingi halitoi moshi mweusi, haliruki moto wala halitingishiki. Linakuwa kama mtu aliyekabwa koo: yuko hai, macho yapo, ila hawezi kukimbia. Fundi anayetafuta kosa kwenye plagi hataliona, kwa sababu plagi ni nzima.

Kabla ya kupima chochote Babati, lazima tukubaliane kuhusu hewa yenyewe, maana hapa ndipo vitabu vya gereji huwapoteza mafundi wengi. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Mji wa Babati na kata zake, Mutuka ikiwemo, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko Tanga au Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiwango hichohicho. Farasi 109 ambazo Toyota iliziandika kwa 1NZ-FE zinageuka kuwa kama 95 hata gari likiwa jipya kabisa. Mtu anayenunua gari Dar es Salaam, analibadilisha ekzosi hukohuko, kisha analileta Babati, anaweza kuilaumu ekzosi kwa kosa la mlima.

Joto nalo lina mchango wake. Hewa ya asubuhi yenye nyuzi 15 na ile ya mchana yenye nyuzi 30 zinapishana uzito kwa takriban asilimia 5. Ukilijaribu gari alfajiri kabla ya kulipeleka kwa mchomeleaji na kulijaribu tena saa nane mchana, umelionea.

Tukishajua hayo, swali la kwanza ni moja: je, nguvu zimepungua kweli? Sauti ni shahidi mbaya. Sailensa iliyotolewa matumbo inampa dereva hisia ya mwendo kasi, na wengine hupatwa na kinyume chake, wanadhani gari limechoka kwa kuwa kelele imezidi mwendo. Tafuta kipande cha barabara chenye mpando, kisicho na watu wala mifugo, na upime muda wa kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa kwa gia ileile, mzigo uleule na saa ileile ya siku. Msaidizi ashike saa, dereva ashike usukani. Anayefikiria kubadilisha ekzosi afanye kipimo hiki kabla ya kwenda kwa fundi, aandike kwenye daftari la gari. Bila namba ya kabla, namba ya baada haina wa kubishana naye.

Sasa tuingie kwenye masega.

Masega ni lile pande la udongo wa kauri au bati jembamba lenye vitundu vidogo vingi, lililofungiwa ndani ya kopo la chuma kwenye bomba la mbele. Vitundu hivyo vimepakwa platini, paladi na rodi, madini ambayo bei yake inajulikana vizuri kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kazi ya masega ni kugeuza gesi zenye sumu kuwa kabonidaiyoksaidi, mvuke wa maji na naitrojeni. Mhandisi Mfaransa Eugene Houdry ndiye aliyeshughulikia wazo hili huko Marekani katika miaka ya 1950, na magari ya Marekani yalianza kuyavaa kwa wingi kuanzia yale ya mwaka 1975.

Mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanaamini masega ni kizuizi na dawa yake ni kuyatoboa. Imani hiyo haikuzuka hewani. Zamani petroli yetu ilikuwa na risasi, na risasi huua masega: inafunika yale madini ya thamani na kuyafanya yasifanye kazi. Gari lililotoka Japani likiwa na masega mazima lilikuwa likinyweshwa sumu tangu siku ya kwanza. Nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa petroli ya namna hiyo, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeachana nayo. Sababu ya msingi ya kuyaogopa masega ilikwisha hapo. Desturi ya kuyatoboa ikabaki.

Masega mazima hayazibi gari. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu watu wanatoa pesa kila siku kutibu ugonjwa ambao hawana. Vile vitundu ni vingi na kuta zake ni nyembamba mno, na watengenezaji wameupima upana wake kwa injini husika. Kinachoziba ni masega yaliyoyeyuka au kuvunjika. Huyeyuka pale injini inapokosa moto kwenye silinda moja kwa muda mrefu, petroli mbichi ikapita na kwenda kuungulia humo ndani. Huvunjika kwa kugongwa na jiwe, au kwa kumwagiwa maji baridi yakiwa bado ya moto wakati gari linapita mtoni. Na huvunjika kwa patasi ya fundi.

Hapa kuna chanzo ambacho nadhani husahaulika kuliko vyote kwenye magari yaliyobadilishwa ekzosi. Fundi anayatoboa masega kwa nondo na nyundo bila kulifungua bomba lote. Anatikisa vipande, vingi vinatoka, vichache vinabaki. Mteja anaondoka. Barabarani moshi unavisukuma vile vipande vya kauri hadi kwenye sailensa ya nyuma, vinakusanyika penye vitundu vya bomba la ndani, vinakaa hapo. Siku ya kwanza gari lina nguvu. Siku ya nne limekufa. Mteja anaapa kwamba ekzosi haihusiki, kwa sababu lilipotoka kwa fundi lilikuwa sawa. Ukiigonga sailensa hiyo kwa ngumi ikiwa baridi, utasikia kokoto zikicheza ndani.

Kuna pia kuziba kwa mchomeleaji. Anapounganisha mabomba mawili kwa umeme mkali, chuma kilichoyeyuka kinaingia ndani na kuganda kama kingo. Kingo moja haiui gari, lakini bomba lililounganishwa vipandevipande, kila kiungo na kingo yake, na kona iliyokunjwa mpaka ikabonyea, hasara zake zinajumlishana. Gasketi iliyokatwa kwa mkono ikiwa na tundu dogo kuliko bomba nayo inafanya hivyohivyo. Na bomba lenye kuta mbili linaweza kubomoka kwa ndani huku nje likionekana zima kabisa.

Yote haya hayaonekani kwa macho, ila yanasomeka kwenye geji.

Kipimo cha kwanza ni geji ya vakyumu, ile inayoonyesha jinsi injini inavyofyonza hewa kwenye manifodi ya kuingizia. Inasomwa kwa inchi za zebaki. Washa injini, iache ipate joto, chomeka mpira wa geji kwenye njia ya vakyumu iliyo baada ya throto. Kitabu kitakuambia kwamba injini nzima ikiunguruma bila kukanyagwa husoma kati ya 18 na 21. Fundi wa Mutuka anaona 15, anafungua ukurasa unaofuata, anasoma kwamba taimingi imechelewa au pete za pistoni zimekwisha, na injini nzima inashushwa bure. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza takriban inchi moja. Mita 1,400 zinapunguza kama inchi nne na nusu. Kwa hiyo Babati injini nzima husoma kati ya 13 na nusu na 16 na nusu, na 15 iliyotulia ni habari njema. Namba hizi zinastahili kuandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa kila gereji ya mjini.

Sasa panda taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, na ushikilie hapohapo. Mshale utashuka kwanza, kisha utarudi karibu na pale ulipokuwa, au juu yake kidogo, na kutulia. Usiwe na haraka, hesabu dakika nzima. Ekzosi ikiwa imezibwa, mshale haubaki. Unaanza 15, unasogea 13, unatambaa kuelekea 11, wakati mguu wako haujaongeza wala kupunguza kitu. Moshi unazidi kujazana nyuma ya kizuizi, na injini inazidi kukosa nafasi ya kuvuta. Mshale unaoteleza polepole namna hii ndio unaokupeleka kwenye kipimo cha pili.

Kipimo hicho ni cha shinikizo ndani ya bomba lenyewe. Sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, kwa magari mengi imekaa kwenye tundu lenye hesi ya milimita 18. Chukua sensa mbovu ya gari jingine, itoe matumbo, chomelea kipande cha bomba la chuma la breki la sentimita 30 au zaidi, halafu kwenye ncha funga mpira wa geji. Bomba hilo la chuma ni la lazima, linapooza moshi kabla haujafika kwenye mpira. Geji yenyewe iwe ya pauni chache, 0 hadi 10 au 15. Ile ya matairi haifai, tofauti tunayoitafuta ni ndogo na kwenye geji hiyo mshale hautatingishika.

Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, shinikizo lisizidi pauni moja na nusu kwa inchi ya mraba. Kwa mizunguko 2,500 lisizidi 3. Likifika 5 au 6 kuna kizuizi, hakuna mjadala. Namba hizi hazihitaji kusahihishwa kwa ajili ya mwinuko kama za vakyumu. Ukipenda kujua kizuizi kiko kwenye masega au kwenye sailensa, fungua boliti za kiungo cha katikati na upime tena. Shinikizo likianguka, tatizo liko nyuma ya hapo ulipofungua. Lisipoanguka, liko mbele. Fanya hivyo nje, penye upepo, kwa muda mfupi, na usiguse chochote kwa mkono mtupu.

Gari likifaulu vipimo hivyo viwili, halijazibwa. Hapo ndipo tunageukia uvujaji, na uvujaji ni mjanja zaidi.

Watu wengi hudhani ekzosi inayovuja inatoa moshi tu. Moshi hautoki kwa mkondo mmoja ulionyooka. Unatoka kwa mapigo, silinda moja baada ya nyingine, na katikati ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba linaweza kushuka chini ya lile la nje. Katika nafasi hiyo tundu dogo linavuta hewa kuingia ndani. Tundu hilo likiwa kabla ya sensa ya mbele, sensa inaona oksijeni ambayo haikutoka injini. Inaripoti kwamba petroli ni chache. Kompyuta inaongeza petroli. Sasa injini inanyweshwa kupita kiasi, plagi zinakuwa nyeusi, mafuta yanakwisha haraka na gari linakuwa zito. Fundi akiona plagi nyeusi anasafisha nozeli, na tundu linaendelea kudanganya.

Mashine ya kusoma kompyuta itakuonyesha marekebisho ya mafuta. Yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, tulia. Yakiwa juu kwa asilimia 20 au zaidi gari likiwa limesimama, halafu yakapungua unapokanyaga, tafuta hewa isiyotakiwa, upande wa ekzosi na upande wa kuingizia pia. Msimbo unaoweza kuambatana nayo ni P0171. Magari mengine yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayaelewani na vifaa vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu. Kwa Toyota nyingi za kizazi hicho mafundi wenye uzoefu huunganisha TC na CG kwenye soketi ya uchunguzi na kuhesabu taa inavyopepesa.

Tundu lenyewe hutafutwa asubuhi injini ikiwa baridi, kabla chuma hakijapanuka na kuziba ufa. Sikiliza mlio wa "tik tik tik" kwenye manifodi. Tazama mistari ya masizi kwenye viungo vipya. Au injini ikiwa imezimwa, sukuma hewa kwa blowa kupitia mdomo wa nyuma na upake maji ya sabuni kila penye kulehemu. Penye povu ndipo.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Ekzosi inayovuja chini ya sakafu inaingiza kabonimonoksaidi ndani ya gari. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inaua. Abiria wanaolalamika kichwa kuuma na usingizi mzito kila safari wasichukuliwe kwamba wamechoka. Gari la namna hiyo lisisafirishe mtoto hata kwa kilomita moja mpaka limezibwa.

Kuhusu sensa ya nyuma, ile iliyo baada ya masega, maneno ni machache. Ukitoa masega, taa ya injini itawaka na msimbo wa kawaida ni P0420. Kwa kawaida msimbo huo peke yake hauelezi gari la petroli kukosa nguvu. Ubaya wake ni kwamba taa ikishazoeleka, siku kosa jingine linapoingia dereva hana wa kumwonya. Sensa ya mbele ndiyo isiyochezewa. Mchomeleaji akiihamishia mbali na injini, inachelewa kupata joto, na bila joto haisomi. Zipo Toyota zenye sensa ya mbele ya aina inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana. Kwa sura inafanana na ile ya kawaida, kwa kazi ni tofauti, na ukizibadilishana kompyuta inapotea kabisa.

Limebaki bomba nene. Utasikia gereji nyingi zikisema injini inahitaji mgandamizo wa nyuma, na kwamba bomba kubwa linauondoa. Hakuna injini inayofaidika na kuzuiwa. Inachohitaji ni mwendo wa moshi. Moshi unaokwenda kasi ndani ya bomba jembamba una uzito na msukumo, na kila pigo linalotoka linaacha mvuto nyuma yake unaosaidia kuondoa mabaki kwenye silinda inayofuata. Ukiweka bomba la inchi 2 na nusu mahali pa inchi 2, eneo la ndani linaongezeka kwa zaidi ya nusu na mwendo wa moshi unashuka kwa zaidi ya theluthi. Kwenye mizunguko 6,000, ambako ndiko farasi 109 za 1NZ-FE zinakopatikana, moshi ni mwingi na bomba nene linaweza kusaidia. Kwenye mizunguko 2,000, ambako dereva wa Mutuka anaanzia kupanda akiwa na magunia nyuma, msaada ule wa mvuto umepotea. Injini hii hutoa msokoto wake mkubwa kwenye mizunguko 4,200. Ekzosi nene inausogeza msokoto huo juu zaidi, mbali na kazi.

Dalili yake ni rahisi kuitenga. Gari lililozibwa huanza vizuri na kufa linapoongezewa mwendo. Gari lenye bomba nene kupita kiasi huanza kwa uzito na kuamka mizunguko ikipanda. Geji zote zitasoma vizuri, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Kilichokosewa ni chaguo. Kwa injini ya lita moja na nusu inayofanya kazi za kijijini, ushauri wangu ni kubaki na kipenyo cha kiwandani.

Magari ya dizeli yanahitaji sura yao wenyewe, lakini jambo moja lisingoje. Kwenye dizeli yenye tabo, uvujaji kati ya manifodi na tabo unaiibia tabo moshi unaoizungusha, na nguvu zinapungua papo hapo. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina tabo, na bomba nene kwake huongeza kelele kuliko linavyoongeza kitu kingine.

Inawezekana pia ekzosi imesingiziwa. Kiangazi cha Babati kina vumbi jekundu linaloziba ea klina upesi kuliko ratiba ya kitabu. Filta ya mafuta ndani ya tangi huchoka. Breki iliyokamata huvuta gari nyuma siku nzima. Endesha kidogo, simama bila kukanyaga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu, lenye joto kuliko wenzake limejitaja. Klachi au gia inayoteleza huinua mizunguko bila kuongeza mwendo. Haya yote huangaliwa kwa nusu saa na kwa gharama ndogo, na nayaangalia kabla ya kugusa boliti yoyote ya ekzosi, kwa kuwa boliti hizo zikishapata kutu hukatika.

Ukienda kwa fundi wa ekzosi, mwambie mapema kwamba bomba la zamani na masega yake unarudi navyo nyumbani. Ni mali yako, yana thamani, na siku ekzosi mpya itakaposhindwa na mlima wa Bereku, kurudisha ya zamani ni kipimo ambacho hakuna geji inayoweza kukipinga. Na fundi akikutajia kifaa cha kununua, muulize kwanza ameona namba gani kwenye geji. Asipokuwa na namba, funga boneti na umtafute mwenye nayo.